Kumtafuta Mama Masika wa Karambi

Tangu nirudi Voi sijachota maji kwa amani hata siku moja. Nikifika bombani kuna anayenishika ndoo: "Mama Wakesho, hebu tueleze, ni kweli mnahamia Uganda? Chakula huko ni bei gani? Na hiyo nyundo inayogonga kwenu kila jioni ni ya nini?" Nimeeleza nusu kwa huyu na nusu kwa yule, na sasa nasikia nusu hizo zimeunganishwa vibaya. Kuna anayesema nilikamatwa na jeshi, na kuna anayesema nilikwenda matanga. Yote mawili yana ukweli kidogo. Basi nimekaa mezani niandike kuanzia mwanzo hadi mwisho, mpokezane kusoma, na mkimaliza mniachie ndoo yangu.

Mnamkumbuka Bwambale, yule seremala Mkonzo wa Uganda aliyefanya kazi na mume wangu hapa Voi, mtu wa vicheko, aliyekuwa akila nazi kwa kijiko kama uji. Alirudi kwao, kisha akatuma salamu kwa mdomo wa mfanyakazi wa treni: kuna mkandarasi Kasese anajenga nyumba za watu wa mgodi wa shaba, anataka seremala mzuri, na mshahara unazidi wa hapa. Baba Wakesho hakulala vizuri tena. Alipiga hesabu akipanga mbao, akapiga hesabu akila, mpaka akafika kwenye jibu: tungehama mimi, yeye, na wasichana wetu wawili wadogo, Mghoi na Shali. Wakesho, binti yetu wa kwanza, angebaki kwa bibi yake, mama wa mume wangu. Kodi za Kasese ni kali, alisema, chumba kitakuwa kimoja, na Wakesho ameshafika darasa la juu, akihamishwa atarudishwa nyuma.

Bibi alikubali. Wakesho mwenyewe alisema "sawa", ile sawa ya mtoto anayejua akiongeza neno atalia. Na mimi nilikubali pia, kwa mdomo. Lakini nikasema: mimi ndiye nitakayepika huko, wacha kwanza nikaone wenyewe wanakula nini na wananunua kwa bei gani. Kwa hiyo nikatumwa mimi kupeleleza, na sikusikitika hata kidogo, maana sijawahi kwenda mbali kuliko Nairobi.

Voi hadi Nairobi, mimi na gunia

Bwambale alikuwa ameagiza kitu kimoja tu, nazi, nami nikamjazia gunia. Maelekezo yake yalikuwa mepesi: "Nikikosekana Kasese, njoo Bwera, panda Karambi, uliza kwa Bwambale na Mama Masika. Hata mtoto mdogo atakuleta." Shikeni hayo maneno, tutayarudia.

Baba Wakesho alinipandisha daraja la tatu na chapati, mayai ya kuchemsha na maagizo. "Uliza kodi ya chumba. Uliza mkaa. Uliza sukari. Uliza karo ya shule." Treni ikaanza kuondoka naye anaifuata kando ya dirisha, na neno la mwisho nililolisikia lilikuwa "sabuni!" Wakesho alisimama karibu na bibi yake. Hakupunga mkono, kwa sababu mikono yote miwili ilikuwa nyuma imemshika Shali mgongoni. Nilitazama mpaka jukwaa likaisha.

Gunia nililiweka chini ya benchi, na hapo ndipo nilipojua kwamba nazi hazipendi treni. Kamba ililegea. Kila mara dereva alipokanyaga breki, zilitoka moja moja zikaviringika kutoka mwanzo wa behewa hadi mwisho, na treni ilipoondoka zikarudi. Mhubiri mmoja aliyekaa mbele yangu alikuwa akitueleza habari za moto wa milele. Kila tulipofika stesheni aliinua miguu, zikapita, akaishusha, akaendelea palepale alipoachia. Nilimheshimu sana mtu yule.

Nairobi hadi Kampala, mke wa askari

Nairobi ilikuwa baridi na haraka, sina la kusimulia. Nilibadili treni, nikakaa, nikalala, nikaamka tuko kwenye miwa, nikalala tena, nikaamka tunavuka mto mkubwa na abiria wote wamejazana dirishani.

Kampala nilipata somo. Nilimwendea mama mmoja muuza ndizi pale nje ya stesheni, mwanamke mnene wa heshima aliyevaa gomesi, lile gauni lao refu la mkanda, nikamwomba maji kwa Kiswahili changu chote cha adabu, tafadhali na samahani. Akarudi hatua nyuma.

"Nnyabo," akaniita kwa heshima ya kwao, "mume wako ni askari?"

Nikamwambia ni seremala. Akanitazama kichwani mpaka miguuni, akatazama gunia. Baadaye nilielezwa kwamba pale mjini Kiswahili wanakisikia zaidi kwa polisi na wanajeshi wakiamrisha watu, kwa hiyo mwanamke anayekisema lazima awe ametoka kambini. Maji alinipa, na ndizi akaniongezea, na pesa akakataa. Nadhani aliona ni nafuu kuliko nikamlete mume wangu na bunduki yake. Nilitaka kumrudia nimweleze vizuri, lakini ndizi zilikuwa tamu, nikaacha.

Kampala hadi Kasese, watoto wa kuhesabu

Treni ya kwenda magharibi haina haraka na mtu. Inapita kwenye mafunjo, yale majani marefu ya kinamasi, mpaka unahisi imepotea njia. Nilikaa na mwanamke wa Teso, mke halisi wa polisi safari hii, anayemfuata mumewe kambini Kasese. Alikuwa na kuku wawili ndani ya kikapu, kinu cha kutwangia, na watoto watatu wasiotulia.

Kila tulipofika stesheni alisimama na kuwahesabu kwa kidole, kwa sauti. "Moja. Mbili. Tatu." Kisha akamalizia, bila kubadili sauti, "na mbili iko Soroti." Mara ya kwanza nilidhani ananiambia mimi. Mara ya pili nikaona hamwambii mtu yeyote. Ilikuwa hivyo stesheni zote.

Katikati ya mafunjo tukasimama. Mvua ilikuwa imelegeza tuta la reli mbele, na mafundi walikuwa wanashindilia mawe. Saa zikapita. Watu wakashuka, moto ukawashwa kando ya reli, mwenye mahindi akatoa mahindi, mwenye samaki wa kukaushwa akatoa samaki. Mimi nikavunja nazi mbili, nikakuna kwa kisu, nikachemsha mahindi yao kwa tui. Wakala kwa mashaka, kisha kwa kelele. Mke wa polisi alilamba vidole akaniuliza, "Wewe nahamia na watoto wote?"

"Wawili," nikasema. "Mmoja anabaki na bibi yake."

Akatikisa kichwa kama mtu anayekubaliana na bei. "Ni rahisi namna hiyo," akasema. "Chakula inakuwa kidogo, nguo kidogo." Akageuza hindi lake motoni. "Lakini mimi iko napika ya watano kila siku. Mkono imekataa kujifunza." Treni ikapiga honi, tukakimbilia mabehewa, naye akaanza kuhesabu.

Kasese, bei ya kila kitu

Kasese ndipo reli inapokoma, na joto nalo linakaa pale pale na reli. Milima imesimama juu ya mji lakini vichwa vimefunikwa na wingu. Kila mtu aliniambia kuna theluji juu kule, na kila mtu alikiri kwamba leo haionekani.

Bwambale hakuwepo. Mlinzi wa mkandarasi aliniambia mke wa Bwambale amejifungua, naye ameomba ruhusa, yuko kwao Karambi. Nikapata kitanda kwenye nyumba ya wageni ya misheni, na kesho yake nikaingia kazini kama nilivyotumwa.

Sasa nyie mliouliza bei, sikilizeni vizuri. Chumba ni ghali. Watu wa mgodini wana mshahara wa kila mwezi na wenye nyumba wanaujua kuliko wao wenyewe. Nilionyeshwa chumba kimoja nyuma ya duka la Mhindi, sakafu ya saruji, dirisha moja, na kodi yake ingemeza nyongeza yote ya mshahara na kuchovya kidogo kwenye ule wa zamani. Nikapima kuta kwa mikono yangu, upande huu na upande ule, tabia ya mke wa seremala. Mkaa ni ghali. Sukari na sabuni zimesafiri na treni ileile niliyosafiri mimi, na bei zinaonyesha zimechoka. Shule ipo, ina watoto wa makabila yote, lakini mwalimu aliniambia wazi kwamba mtoto akitoka Kenya atarudishwa darasa moja mpaka azoee.

Lakini soko! Mkungu wa matoke ambao hapa ungekuwa zawadi ya harusi, pale unauzwa na mtoto anayepiga miayo. Samaki wa ziwani, ngege, wanene, wabichi. Maharage kutoka Kongo ya rangi sijawahi kuona. Mchele na mboga kutoka Mubuku, wanakomwagilia mashamba kwa mifereji. Nilisimama katikati nikajisikia tajiri, kisha nikakumbuka chumba nikajisikia maskini, nikarudi hivyo mara kadhaa asubuhi moja. Nilipojumlisha yote, Baba Wakesho alikuwa amepatia. Watu wanne wangebana wakaishi vizuri. Watano wangebanana tu. Nilikasirika kwa sababu nilikuwa nimekuja Kasese nikiombea akosee.

Barabara ya Bwera, tunda lenye nywele

Nikapanda Peugeot kuukuu ya kwenda Bwera, mpakani na Kongo. Karibu yangu alikaa mama wa Butembo, mfanyabiashara wa vitenge, rozari shingoni, jina lake Mama Ernestina. Alikuwa amevuka mpaka wakati wa vurugu za kwao na mpaka sasa anauza upande huu. Alinipenda kabla sijasema neno.

"Mama, ile gunia yako iko nzito! Uko nabeba mawe ya kujenga?"

Kabla sijajibu gari likasimama. Ndovu walikuwa barabarani, mama na watoto, wanakula taratibu. Dereva akazima injini, abiria wakashika pumzi, Mama Ernestina akashika rozari. Mimi nikatoa kichwa nje kuwatazama vizuri. Ndovu wetu hapa, mnawajua, ni wekundu kwa vumbi la Tsavo. Hawa walikuwa wa kijivu, safi, kana kwamba mtu amewaogesha kwa ajili ya kanisa.

"Rudisha kichwa, mama!" dereva akanong'ona. "Hawa ni wabaya."

"Hawa wamekoga tu," nikamwambia. "Wa kwetu wanakula mahindi yangu kila mwaka." Tukangoja mpaka mama yao akahakikisha wadogo wote wamevuka, ndipo naye akaondoka.

Mbele zaidi kulikuwa na kizuizi cha jeshi, kwa sababu milimani hakukuwa kumetulia. Askari kijana, mrefu, mwenye sauti kubwa kuliko umri wake, akachungulia ndani.

"Wewe mama! Shuka! Fungua mzigo!"

Nikafungua. Akatazama ndani, akaruka nyuma, bunduki mbele.

"Nini hii?"

"Nazi, afande."

"Nazi nini?"

"Ni tunda, afande."

"Tunda gani iko na nywele?"

Wenzake wakaja, wakazunguka gunia kwa mbali. Mmoja akashauri litupwe mtoni. Nikaona zawadi ya Bwambale inaondoka, nikapandwa na ukali. Nikachukua nazi moja, nikaigonga kwenye jiwe kabla hajaniruhusu, wote wakainama, ikapasuka, maji yakatoka. Nikanywa mbele yao. Nikampa afande. Akaonja kwa ncha ya ulimi, akaonja tena, kisha akarudisha kichwa nyuma akamaliza.

"Ingine," akasema.

Tuliondoka pale gunia limepungua, na askari watano wanatafuna. "Pita, pita na bomu yako!" afande akapiga kelele nyuma yetu. Hiyo ndiyo habari nzima ya mimi kukamatwa na jeshi.

Karambi, kila nyumba ina Masika

Bwera nilimwambia Mama Ernestina nakokwenda: Karambi, kwa Bwambale na Mama Masika. Alicheka mpaka akashika mlango wa gari.

"Mama Masika? Mama, hata mi niko Mama Masika!" Kisha akanieleza. Huku, Wakonzo na hata watu wa kwao Butembo, mtoto anaitwa kwa zamu yake ya kuzaliwa. "Mutoto mwanamuke wa kwanza, jina yake njo Masika. Kila nyumba. Na Bwambale njo kijana wa pili. Uko natafuta kijana wa pili mwenye bibi yake alizaa musichana kwanza. Mama, beko mingi!"

Alinionyesha njia ya kupanda mlima, akanibusu mashavu yote mawili, akaenda na vitenge vyake. Nikabeba gunia kichwani, nikapanda.

Nyumba ya kwanza: "Kwa Mama Masika ni hapa?" Ndiyo, ni hapa. Nikaketishwa, nikaletewa bundu, ule ugali wa muhogo unaovutika, na sombe, kisamvu cha kwao. Nikala. Mwenye nyumba akatokea, Bwambale kweli, mzee asiye na jino. Si yeye. Nyumba ya pili: Mama Masika, ndiyo, karibu, bundu na samaki. Bwambale alikuwa ni kijana anayefuga mbuzi. Nyumba ya tatu nilijaribu kuuliza nikiwa nimesimama, lakini hawakutaka kusikia, nikakalishwa tena, bundu na maharage. Sijawahi kupotea nikiwa nimeshiba kiasi kile. Nikajaribu kueleza kwa mikono: seremala, msumeno, mtu aliyekaa Kenya, Voi.

"Aaa!" mama wa nyumba ile akapiga makofi. "Uko nataka Mombasa!"

"Hapana, Bwambale wa Voi."

"Ndiyo, Mombasa! Kila siku anasema Mombasa, bahari ya Mombasa, mie wa Mombasa." Akaita watoto, wakanipeleka wakiimba. Bwambale wetu, aliyekaa hapa Voi miaka yote, sijui kama bahari aliiona hata mara mbili.

Mombasa mwenyewe alikuwa msituni kukata mbao. Mkewe, Mama Masika wa kweli sasa, alinipokea akiwa na kichanga kifuani, msichana wao wa nne. Mama yake Bwambale alikuwa pale pia, bibi kizee asiyejua Kiswahili hata kidogo. Tukasalimiana "Wasibire", tukacheka, nikakataa bundu, nikalazimishwa, nikala.

"Mutakuja na nani?" Mama Masika akauliza. "Ni seme kwa batu."

"Mimi na baba yao, na Mghoi na Shali."

Akafurahi. Akataka kuwapa majina ya pale, wawe wenyeji. "Mghoi ni mkubwa? Basi ni Masika."

"Hapana, Mghoi ni wa pili."

"Wa pili ni Biira. Shali ni Kabugho." Akanitazama. "Na Masika?"

Nikatazama mikono yangu. "Huyo hatakuja," nikasema.

Akamgeukia mama mkwe wake akasema maneno machache kwa Kikonzo. Bibi akaacha kumenya maharage. Akainuka, akaja akaketi chini kabisa, kwenye udongo, akashika mkono wangu kwa mikono yake miwili, akawa anaimbia puani, taratibu. Nikafikiri ni makaribisho. Nikatabasamu, nikamwambia "Wasingya, wasingya", asante niliyojifunza njiani.

Kisha majirani wakaanza kuingia. Mmoja na mzigo wa kuni. Mwingine na kikapu cha maharage. Wale kina Mama Masika wote watatu niliokula kwao, nao wakaja. Kila mmoja alinishika mkono, akaketi chini. Jamani, ukarimu ulioje! Nikasimama katikati yao nikiwa na uso wa bibi harusi, "Asanteni, asanteni sana, karibuni na kwetu Voi," na wao wakinitazama kwa mshangao, wakinong'ona, nikaona wananisifu. Kweli walikuwa wananisifu. Walikuwa wanasema hawajaona mwanamke mwenye moyo mgumu namna ile.

Ndipo Bwambale akatokea na mbao begani. Aliona watu wameketi chini. Akauliza, akajibiwa. Mbao zikaanguka.

"Wakesho amekufa?" akapiga kelele kwa Kiswahili chetu cha hapa. "Mama Wakesho! Lini? Mbona hamkunipa habari?" Na machozi yakamtoka palepale, mtu mzima, kwa sababu mtoto yule alimbeba begani Voi nzima.

"Nani amekufa?" nikasema. "Wakesho yuko kwa bibi yake! Mzima!"

Ilichukua muda kueleweka pande zote. Kule, ukitaja Biira na Kabugho na Masika hayupo, watu hawaulizi yuko wapi. Wanajua. Hakuna kwao nyumba inayoanza na mtoto wa pili bila kuwa na kaburi. Bwambale alipowatafsiria kwamba mtoto ni mzima, kwamba tunamwacha kwa sababu ya kodi ya chumba, vicheko vililipuka, bibi kizee akanipiga bega, kuni zikageuka za karamu. Nilicheka pia, nilicheka sana, halafu kicheko kikanigeukia nikalia mbele ya watu wote, bila aibu. Nilikuwa nimekwenda kuuliza bei ya kila kitu nikasahau kwamba miaka yote huko watu wangekuwa wananiita Mama Wakesho, na kila aliyenijua angenishika mkono na kuniambia pole, na ningekosa la kumjibu.

Asubuhi nilipoamka wingu lilikuwa limeondoka, na theluji ilikuwa juu kule kweli, nyeupe. Niliitazama mpaka ikafunikwa tena. Wakati wa kuondoka bibi kizee alinipa mkeka mdogo alioufuma mwenyewe. "Ya Masika," akasema, Kiswahili pekee nilichomsikia akisema.

Nyumbani

Baba Wakesho alinipokea stesheni. Sijashusha hata mguu wa pili: "Kodi?"

"Ghali."

"Mkaa?"

"Ghali. Sukari ghali, sabuni ghali. Ndizi na samaki karibu na bure. Hesabu zako zote ni sawa, mume wangu. Na tunakwenda sote, au hatuendi."

Usiku ule nilisimulia haya yote wakati wa kula, Bibi akiwepo, na watoto. Walicheka hadithi ya nazi, wakacheka Mombasa. Nilipofika kwenye kuni na maharage hakuna aliyecheka.

Bibi ndiye aliyeanza. "Nani aliwaambia mimi nataka kuachiwa mtoto? Watoto wa binti yangu wamejaa ua mzima. Nilidhani mmeshindwa kumlisha, nikanyamaza nisiwaaibishe."

"Mimi nilidhani unaogopa upweke, mama," mume wangu akasema.

"Na mimi," Wakesho akasema, akiutazama mkeka magotini mwake, "nilidhani mmenichoka."

Nikamvuta nikamkumbatia, mrefu kama alivyo. Nilimwambia habari ya kurudishwa darasa moja. Akafikiri kidogo. "Basi nitakuwa wa kwanza darasani," akasema, na Mghoi akamzomea.

Baba Wakesho alikuwa ameondoka mezani. Alirudi na futi yake ya kupimia, akamsimamisha binti yake ukutani, akampima kutoka kisigino hadi utosi kwa uangalifu kama anapima mbao ya bei kubwa. Kisha akanigeukia. "Kile chumba. Ukuta wake ni pima ngapi za mikono yako?"

Sasa nimefika mwisho, na swali lenu la bombani nimelijibu. Nyundo mnayoisikia kwetu kila jioni si ya kabati la mtu. Ni kitanda cha ghorofa tatu, cha kufunguka vipande vipande ili kipande treni. Cha chini ni cha Shali, cha katikati cha Mghoi. Cha juu kabisa kimepigwa randa mara mbili na kutandikwa mkeka, na kwenye ubao wake Baba Wakesho amechonga neno moja: Masika.